Kweli Ulikuwa Unakaanga Plagi

Limewaka, Baba Kondo! Gari lako limewaka Mgeta alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye magurudumu, na limewaka kwa hendeli ya pili. Si ya ishirini, ya pili! Wiki iliyofuata likawaka tena. Juzi tena. Mara tatu mfululizo, na aliyeliwasha ni mwanao, si fundi wala mganga.

Sasa ndiyo nikusalimu. Asalaam aleikum, mume wangu, huko ulikotangulia. Nisamehe kuanza na habari kabla ya salamu, lakini hii imenikaa kifuani tangu juzi, na kila niliyempa hakuipokea kama ambavyo ungeipokea wewe. Mdogo wangu Zaituni nilimwambia akasema, "Alhamdulillahi," kisha akaniuliza kama sukari ipo. Sukari!

Naandika mwenyewe. Darasa langu la tatu, lile ulilokuwa ukisema ni la pili na nusu, ndilo hili linalokuandikia leo, na mwandiko wangu bado unaupita wa kaka yako Shomari aliyefika la nne. Kalamu ya Kondo, karatasi ya Kondo. Nimerudisha mlango na nimewaambia watu nataka kulala.

Nimechoka, Baba Kondo. Sikufichi. Miezi minne imepita, chumba hiki hiki, mkeka huu huu, nguo nyeupe mbili, moja mwilini moja kambani. Zimebaki siku tano eda yangu iishe. Watu wanadhani aliye edani anapumzika. Wapi! Mtu anachoka kwa kukaa. Nyonga zinauma, magoti yanauma. Mtaa mzima sasa naujua kwa masikio: cherehani ya fundi nguo wa kona, muuza kahawa anavyogonga vikombe vyake, na wanaume wanaobishana habari za uhuru kwenye baraza letu, maana siku hizi Kariakoo hakuna maneno mengine, mpaka muuza samaki anakupimia huku anakuhutubia. Kila gari linalopita naligeukia. Najua si lako, lakini shingo haisikii.

Nikupe kwanza habari za Kondo. Hatukumaliza hata wiki mbili tangu tukuzike, akaacha kazi ya lori kule bandarini. Kazi yenye kofia! Akaja akakaa hapa mlangoni, akasema, "Mama, gari la baba halitalala." Nililia, lakini kwa furaha. Leseni yake nimewaonyesha wanawake wote waliokuja kunipa pole. Walikuja kulia, wakaondoka wameshasoma leseni. Kuanzia hapa kwetu mpaka msikitini vijana wenye leseni ni wawili, na huyo mwingine ameshagonga mnazi.

Masika yote mambo yalikwenda. Anapanda leo, analala mlimani, kesho yake alfajiri anashuka na kabichi na karoti na njegere, alasiri yuko sokoni kama ulivyokuwa wewe. Nikawa nawaambia watu, mmeona? Damu hiyo. Hata honi anaipiga kama baba yake, mbili fupi akikata kona yetu.

Kisha ikaingia baridi.

Hapa kwetu kipupwe ni kujitanda kanga ya pili asubuhi, basi. Mgeta ni jambo jingine, wewe ulikuwa ukirudi midomo imepasuka. Siku ya kwanza Kondo alipiga stata, gari likaguna kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, likanyamaza. Akafanya kila alichokuona ukikifanya hapa nyumbani. Bismillahi, makofi matatu juu ya boneti, choki akaivuta mpaka mwisho. Makofi hayo yanafaa Kariakoo. Kule gari halikusikia. Akalizamisha kwa petroli, akazungusha hendeli pale kwenye pua ya gari mpaka viganja vikachubuka. Lilikuja kuwaka saa nne, jua limeshakaa juu ya boneti. Akaingia mjini magharibi, soko limefungwa, wapishi wa mahoteli wameshakwenda kununua kwa wengine, kabichi zikalala garini na asubuhi zimelegea kama matambara. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu hivyo hivyo.

Na Kondo hakuwa na wa kumuuliza. Wewe ulikuwa unasafiri peke yako, hutaki utingo, unasema utingo anakula kuliko gari. Ulichokuwa ukikifanya kule alfajiri hakuna aliyekiona hapa mjini.

Wapagazi wa sokoni unawajua. Hawana huruma wale. Kondo akifika tu wanamwimbia: "We Kondo, gari lako liko eda nini? Lipeleke kwa mama yako wakae chumba kimoja!" Na mwingine anadakia: "Mwacheni, hilo halitoki nje mpaka miezi minne na siku kumi!" Kondo alinisimulia ameinamisha kichwa. Mimi nilicheka, Baba Kondo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaona nalia.

Bwana Ratilal, yule Mhindi muuza mboga wa mtaa wa nyuma, alikuja mpaka mlango wa uani. Unajua watu wale nyama hawagusi, mboga zako ndizo chakula chao. Akavua viatu, akasimama nje, akasema, "Mama Kondo, mimi nitasubiri kwa sababu ya Baba Kondo. Lakini koliflawa haijui kusubiri." Maneno ya upole. Bora angegomba.

Kondo akalipeleka gari kwa Fundi Salehe, mtaa wa Gerezani. Fundi akafungua boneti, akasafisha kabureta, akaitazama betri, akapiga stata. Likawaka hapo hapo! Akazima, akapiga tena. Likawaka. Siku nzima linawaka, limekaa juani linachemka, litaachaje kuwaka? Fundi akajifuta mikono, akamwambia mwanangu mbele ya watu, "Kijana, gari hili halina ugonjwa. Hebu niambie, huko mlimani anayechelewa kuamka ni gari au dereva?"

Watu wakacheka. Na kicheko cha Gerezani kinafika Kariakoo kabla ya mwenyewe.

Halafu akaja kaka yako Shomari. Alikaa upande wa pili wa pazia, mimi huku, yeye kule, naona ncha za viatu vyake tu. Akasema, "Shemeji, usinielewe vibaya. Gari limezeeka, na mlima ule unataka mtu aliyeuzoea. Nipeni nikalitumie kwangu Mbagala, libebe kokoto na nazi. Kule hakuna baridi. Kondo arudi bandarini kwenye kazi yake ya heshima." Sitamsema vibaya, alikuwa anataka kusaidia. Lakini nilijisikia kama mtu anayeondolewa kigoda huku bado amekikalia. Ile kazi uliianza na baiskeli na matenga mawili! Watu wa Mgeta wanasimama barabarani na mizigo yao kichwani kwa sababu wanajua gari la kijani litakuja. Na Kondo, nilimwona usoni. Ameshakuzika mara moja. Gari likienda Mbagala atakuzika tena.

Nikasema, "Shemeji, mpe muda kijana."

Ncha za viatu zikasogea. Akasema, "Haya. Siku utakayotoka eda ukoo wote utakuwa hapa. Kama kabla ya siku hiyo gari litawaka mara tatu mfululizo kule juu bila kungoja jua, mimi mwenyewe nitasimama niseme ni la Kondo, na hakuna atakayeuliza. Likishindwa, naondoka nalo siku ile ile."

Basi nikaanza kuhesabu wiki. Mtu wa eda ana nini cha kufanya zaidi ya kuhesabu.

Sasa inakuja sehemu ambayo kalamu yangu inakuwa nzito. Nimesimama nikanywa maji, nimerudi.

Zaituni alikuja na mchicha, akakaa kuuchambua, naona ana neno mdomoni. Nikamwambia litoe. Akasema, "Dada, usikasirike. Bombani wanasema Kondo hana tatizo la gari. Ana mtu huko mlimani."

Baba Kondo, niliwaka mimi badala ya gari! Nikasema, "Mwanangu si mwongo! Akisema halikuwaka, basi halikuwaka! Nani amemwona na huyo mtu? Aje hapa anitazame machoni!" Nasikia wanaume barazani walinyamaza, uhuru wakauacha kwanza. Na Zaituni, mikono ipo kwenye mchicha, wala hakuinua kichwa, akasema, "Si mwongo. Kama baba yake na plagi zake."

Akacheka. Hakuwa na ubaya. Ni mzaha wangu mimi, mimi ndiye niliyewafundisha kuucheka.

Mimi sikucheka. Niliishiwa maneno, na wewe unajua ni mara ngapi jambo hilo limetokea.

Nilikumbuka siku ile yote. Nilikuwa nimekitafuta kikaango changu cha chuma wiki nzima, nimewasingizia majirani wawili, kumbe umekichukua wewe. Ukarudi nacho kutoka Mgeta kinanuka petroli, na ndani kina duara nne nyeusi, zimepangana kama vitumbua. Nikakuuliza, "Umempikia nani?" Wewe umechoka, vumbi limejaa kwenye nyusi, ukasema, "Nimekaanga plagi." Nikasema, "Plagi! Kwa mafuta ya nazi au ya ufuta?" Ukajibu kwa upole tu, "Kavukavu, Mama Kondo. Zinashika umande usiku, gari haliwaki mpaka uzipashe moto."

Kavukavu! Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Nilikuwa nimeshasikia kwamba unalala kwa mwanamke anaitwa Bi Yustina, na mwanamke anaitwa Bi Yustina kwangu mimi alikuwa na shingo ndefu na nyumba ya bati. Nikaona yote yamekamilika: kikaango changu, jiko lake, mume wangu. Ukataka kuapa, nikakukataza, nikasema usimwingize Mungu kwenye kikaango. Ukaenda kuoga.

Na mimi nikalitangaza. Bombani, kwenye maharusi, kwenye misiba ya watu. "Jamani, wenzangu mna waume waongo, lakini wa kwangu anakaanga plagi!" Nilikuwa nasimulia vizuri, unajua ninavyojua kusimulia. Naigiza mpaka jinsi ya kuzigeuza. Watu walikuwa wanakaa chini kwa kicheko. Miaka sita, Baba Kondo. Wewe ukipita na gari lako wanawake wanaziba midomo kwa kanga, na wewe unawaamkia tu, hujambo, hujambo, unapita.

Kikaango nikawapa kuku wanywee maji.

Siku mbili sikumwambia Kondo kitu. Nakwambia kweli yangu, sitaki kukudanganya na wewe uko huko. Yeye anafunga viganja kwa kitambaa ajiandae kupanda, mimi nimejua dawa na nimenyamaza. Kwa sababu nikitamka plagi, nimetamka na yale mengine yote. Mimi, mama yake, mwenye mdomo wote huu. Siku hizo mbili nilichoka kuliko miezi minne yote.

Asubuhi ya tatu alikuja kuniaga. "Shikamoo mama." Badala ya marahaba nikasema, "Kondo, nenda uani kawanyang'anye kuku maji."

Akanitazama kama mtu ambaye mama yake ameanza kuumwa. Nikamwambia alete kile kikaango. Nikakaa nacho hapa hapa, nikakisugua kwa mchanga na majivu mpaka mikono ikawasha, na nikamsimulia yote, sikuacha hata yale ya bombani. Sikumtazama usoni. Nilipomaliza akasema pole pole, "Mama, kwa hiyo baba alisema kweli?" Nikasema, "Sijui. Wewe ndiye utakayekwenda kujua." Kisha nikasema, "Na usilale tena garini. Ukalale kwa Bi Yustina."

"Si wewe uliyenikataza?"

"Nilikukataza. Sasa nakutuma."

Hilo hukulijua, maana lilitokea baada yako. Mara ya kwanza tu Kondo alipopanda nilimwambia: popote ulale, hata juu ya kabichi, lakini kwa mwanamke yule usikanyage. Akanitii, mtoto wa watu, akawa analala garini sokoni kwao, anatetemeka, peke yake. Laiti angegonga mlango ule siku ya kwanza angeambiwa yote. Kwa hiyo gari lilipokataa kuwaka, Baba Kondo, aliyelizuia ni mimi, nimekaa hapa Kariakoo na nguo zangu nyeupe.

Siku ya kurudi kwake sikula. Adhana ya alasiri haijaisha nikasikia honi, mbili fupi. Alasiri, si magharibi! Zaituni alitoka mbio kichwa wazi, mimi nikabaki nimeshika pazia kama mfungwa. Kondo akaingia ananuka moshi na petroli na udongo wa mlimani, ananuka wewe. Nikamkamata mkono sikumwachia.

Akanisimulia. Alipogonga, Bi Yustina alikitazama kikaango kwanza, yeye baadaye. Akasema, "Kumbe kikaango cha Mama Kondo kimerudi!" Akamwingiza ndani. Akamwambia ulikuwa ukizipasha plagi zako kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, miaka yote, na walipokuuliza kwa nini huleti tena kikaango ukasema, "Mwenyewe anakihitaji." Hukuwaambia kwamba mwenyewe amewapa kuku.

Na ana mume, Baba Kondo. Mzee Petro, mtu wa kanisani, ndiye aliyekuwa akikuchemshia maji. Miaka yote hiyo hukuniambia kama ana mume. Au uliniambia. Labda uliniambia na mimi nilikuwa nazungumza.

Wakamfundisha Kondo kazi yako yote kama ulivyokuwa ukiifanya. Jioni kabla jua halijazama anafungua maji ya rejeta yamwagike, anafunika boneti kwa gunia, anaibeba betri ndani anaiweka karibu na mafiga, si karibu sana. Alfajiri Mzee Petro anatia maji jikoni. Kondo anafungua plagi nne, anazipanga kwenye kikaango, kavukavu, mpaka ukitemea mate yanaruka. Nyaya anazifuta kwa kitambaa kikavu. Maji ya moto kwenye rejeta, plagi zinarudi zikiwa bado zinaunguza vidole, choki nusu tu, nusu! Kisha hendeli. Ya kwanza likakohoa. Ya pili likawaka. Anasema Bi Yustina alipiga vigelegele na Mzee Petro akavua kofia.

Mimi nilimwambia arudie kusimulia mara tatu.

Sasa madereva wengine wanaolala kule wamempa jina, wanamwita Mpishi. "Mpishi, leo unatukaangia nini?" Lakini asubuhi wanajipanga mlangoni kwa Bi Yustina kila mmoja na plagi zake mkononi, na mwanao ndiye anayewaonyesha. Nimeshawaambia watu wote. Nimewaambia mpaka wapagazi, nilimtuma Zaituni awaambie, kwamba madereva wa watu wanaomba somo kwa mwanangu. Fundi Salehe naye amepelekewa salamu. Hilo la kujisifu halijaniisha, utanisamehe, niliumbwa nalo. Bwana Ratilal amepata koliflawa yake bado ina umande ndani ya majani, na amemletea Kondo vitafunio alivyopika mkewe, eti vya Mpishi.

Jana kaka yako alikuja tena. Viatu vile vile chini ya pazia. Akasema, "Shemeji, nimesikia mara tatu."

Nikasema, "Mara tatu, shemeji."

Ncha za viatu zikageukia mlangoni. Nikadhani anaondoka. Kisha akasema, sauti ya chini kabisa, "Kumbe kweli zinakaangwa?"

Unaona? Hata yeye. Ndugu yako wa tumbo moja, na alikuwa ananiamini mimi. Kilio kilichonijia hapo, Baba Kondo, sikulia hivyo hata siku ya kukuzika. Siku ile nililia kwa sababu umekwenda. Jana nililia kwa sababu uliishi hapa miaka sita na watu wanakucheka, na ulijua ni nani amewachekesha, na kila ulipotoka safari ulinipa kwanza ile karoti nzuri kuliko zote, umeiosha kabisa. Mkono mmoja unanipa karoti, mwingine umeziba mdomo unakohoa. Kikohozi kile kilikuwa cha baridi ile ile ya Mgeta. Mimi nasema umekipata kwa mtu, kumbe ulikipata alfajiri ukihangaika na gari.

Nisamehe. Nimeandika neno hili nikalikata, nikaona mwandiko mbaya, nikaliandika tena. Nisamehe, mume wangu.

Najua barua haitoshi. Barua hii utaisoma wewe peke yako, na mimi sikukusema mbele yako peke yako. Kwa hiyo sikiliza ahadi yangu. Nikitoka eda, tukishamaliza hitima yako, wanaume wakiwa barazani na kaka yako akisimama kusema lake la gari, mimi nitasimama uani mbele ya wanawake wote. Wote wale wa bombani, wa maharusi, nimewaita kwa majina, hakuna niliyemwacha. Watadhani nataka kuwachekesha. Nitawaambia kwamba mume wangu hakuwahi kunidanganya hata siku moja, kwamba mwongo wa nyumba hii nilikuwa mimi. Nimelisema hili kwa sauti chumbani humu mara nyingi ili mdomo uzoee. Bado haujazoea. Nitasema hivyo hivyo.

Na sitalisema akiwa hayupo mwenyewe wa pili niliyemsengenya. Kondo anapanda Jumanne, na safari hii kiti cha mbele hakina mzigo. Atashuka na Bi Yustina na Mzee Petro. Nimewatumia salamu kwa mkono wangu, na wamejibu watakuja, na mama yule anauliza alete nini. Nimemwagiza Kondo amwambie asilete kitu. Atalala chumbani kwangu, kitanda kile kile, mimi nitalala chini. Nimeshazoea chini.

Lala salama, Baba Kondo. Mchanga ukuwie mwepesi. Kondo akirudi kila safari nitamwambia aje kwanza kwako makaburini Kisutu akusalimie, hata kama kabichi zinangoja. Nimechoka sana leo, lakini si uchovu ule wa jana. Mkono unauma na karatasi imekwisha.

Vyungu vya pilau vimeshaazimwa, mikeka inakuja kutoka kwa majirani, Zaituni ameshaanza kugombana na watu. Kaka yako, wanawake wote wa bombani, Bwana Ratilal na mkewe, wageni wako wa Mgeta, wote nimewaambia siku moja, baada ya sala ya adhuhuri. Ni Alhamisi hii.